Mtunza Nguo wa Jimu

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, ametunza nguo za watu kwa miaka ishirini na miwili. Mahali pake pa kazi ni chumba kidogo kilicho kushoto mwa mlango wa jimu ya chama cha makarani: meza moja, misumari sitini ya kutundikia nguo, na bakuli la vibati vyenye namba. Mwanachama akivua koti hupewa kibati. Akitoka hukirudisha na kupokea koti lake likiwa limepigwa brashi. Ndiyo maana watu wote humwita Bwana Vibati, mkewe akiwamo.

Tatizo ni kwamba watu waliacha kuvua. Siku hizi mwanachama hutoka kwake akiwa tayari na tisheti na raba, akaipita ile meza kama anavyoipita posta iliyofungwa. Ikafika wiki ambayo misumari sitini ilibeba mwavuli mmoja tu, nao ulikuwa wa Bwana Vibati mwenyewe. Kamati ikamwandikia barua: afike kikaoni Jumamosi aeleze kwa nini nafasi yake isifutwe.

Alikuja kwangu na barua hiyo mkononi.

"Shemeji, wewe umesomesha watu miaka yote hiyo. Nitafutie neno la kuwaambia."

"Neno gani?"

"Lolote, bora liwe zito. Dada yako ameshasema nikiachishwa kazi nitashinda nyumbani nikimpangia vyombo vyake, na hilo hataki hata kulisikia."

Nilitoa kamusi kubwa, nikamweleza kwa utaratibu. Jimu ni kifupisho cha jina refu lililotoka kwa Wagiriki wa kale, nalo limejengwa juu ya neno lao lenye maana ya uchi, kwa kuwa wanaume wao walifanya mazoezi bila nguo, miili ikiwa imepakwa mafuta. Nikaongeza kwamba mahali hapo palitolewa pia elimu, ndiyo sababu baadhi ya nchi za Ulaya huziita shule za sekondari kwa jina hilohilo. Sehemu hiyo, niliyoipenda zaidi, hakuisikiliza.

"Uchi kabisa?"

"Kabisa."

"Na nguo zao aliziangalia nani?"

Nilikiri kwamba kamusi haikusema.

"Basi tuachie sisi wenye kazi," akasema, akaichukua kamusi yangu na kuondoka.

Kikaoni aliifungua mbele ya kamati. Alisema hana ugomvi na mtu. Anaomba tu mambo yafuatwe hatua kwa hatua. Bango la nje linasema jimu. Jimu ni mahali pa kuvua. Anayevua ana nguo, na nguo zinahitaji mtunzaji. Wakimwondoa mtunzaji, waondoe na jina: kwenye bango, kwenye kadi za wanachama na kwenye mhuri.

Katibu, mama aliyeuheshimu mhuri kuliko mashine zote za humo ndani, akakunja uso.

"Kwa hiyo, Bwana Vibati, unataka tuje uchi?" akauliza mwenyekiti.

"Mzee wangu, wewe hasa sitaki kukuona hivyo. Nasema jina liheshimiwe, japo kidogo."

Hilo "kidogo" ndilo lililomwokoa. Kamati ikaazimia kwamba kila mwanachama akabidhi walau vazi moja kabla ya kuingia.

Kwa kuwa hakuna aliyetaka kupunguza nguo alizozizoea, watu wakaanza kuja na za ziada. Saa saba mchana, jua likiwaka, makarani walipanga foleni wamevaa makoti mazito, wakitiririka jasho kabla ya zoezi lolote. Jumatatu ya kwanza mwenyekiti alisahau, akaja na kaptura na tisheti.

"Bila vazi huingii, mzee wangu."

"Mimi ndiye niliyetia saini azimio."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Mwenyekiti akavua soksi ya kushoto. Ikapigwa brashi, ikatundikwa, akapewa kibati.

Baada ya mwezi mmoja misumari haikutosha. Bwana Vibati aliomba nafasi, na kamati, ikifuata azimio lake yenyewe, ikazihamishia uani mashine nne za kukimbilia ili makoti yapate chumba cha pili. Mdogo wangu ananiambia mumewe hurudi jioni akiwa hoi, akala na kulala bila kupanga hata sahani moja.