Mpira Kwenye Nyumba ya Kilio

"Mama Léocadie, samahani, lile dishi la marehemu bado linashika mpira?"

Aliyeuliza ni Brigitte, jirani wa mlango wa pili. Alikuwa ameinama na jagi, anawamiminia maji ya kunawa watu waliotoka makaburini. Udongo wa kaburi la Aloys, mume wa Léocadie, ulikuwa bado kwenye viatu vyao. Léocadie alidhani kilio kimemziba masikio.

"Unasema dishi?"

"Si mimi, mama, wanaume wamenituma. Leo ni Barça na Real, saa tatu kasorobo. Wanasema wakienda kuangalia kwingine utabaki peke yako. Afadhali waangalie hapa hapa, wakulinde."

Wamlinde!

Léocadie hakuwa mtu wa hasira. Pale mtaani La Rochelle, Johannesburg, mteja akimpunja mezani kwake kando ya robot, zile taa za barabarani, alikouza ndagala, dagaa wa kwao, na mawese, alisema tu "Mungu anaona," akafunga mzigo. Alitoka Rumonge, Burundi, na mimba ya kwanza, akakaa kambini upande wa Kigoma miaka mingi, akazika watoto wawili huko. Kisha yeye na Aloys wakashuka basi kwa basi mpaka Johannesburg, na Aloys akapata kazi ya kulinda ghorofa moja Hillbrow. Mwaka ule wa fujo, wageni walipokuwa wanapigwa mitaani, wanaume wa kanisa walikusanya wake zao chumba kimoja. Aloys na rafiki yake Jacques wakapokezana mlangoni, huyu akisinzia yule yuko macho. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ana jezi gani.

Mpira uliingia nyumbani baada ya Kombe la Dunia. Aloys alinunua dishi, akalifunga juu ya bati kwa waya. Léocadie aliwahi kumwuliza: huko Spain timu ziko ishirini, mbona kila siku nasikia mbili tu?

Aloys akacheka. "Hizo nyingine ni za kufungwa, mama. Kombe ni la huyu, na asipokuwa huyu ni la yule."

"Na nyinyi mnawapenda hao hao wanaokula peke yao?"

Aloys akaongeza sauti ya televisheni. Lakini swali lilibaki moyoni, na kila mwezi lilizidi kuchacha. Watu waliokimbia wakubwa wawili wakigombania nchi, wakaacha mashamba na makaburi nyuma, wamekuja huku wakajitafutia wakubwa wengine wawili na kuwatundika ukutani sebuleni. Aloys akawa Barça, Jacques akawa Real. Usiku ule Real walipofungwa matano, Aloys alikwenda kugonga mlango wa Jacques, ulipofunguliwa akamwonyesha vidole vitano bila salamu. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Jacques akaacha kukaa naye kwenye maombi ya wanaume. Pakawa na benchi la Barça na benchi la Real, mbele ya msalaba! Aloys alipougua kifua, Jacques alituma pole kupitia kwa mkewe.

Na Aloys amekufa Alhamisi Kuu, asubuhi, baada ya Real kuifunga Barça goli moja na kuchukua kombe jana yake. Hapo hapo kilioni Léocadie alimsikia mtu nyuma ya ukuta akisema, "Lile goli ndilo limemmaliza mzee." Wenzake wakacheka. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Aliingia sebuleni na kitenge chake cha msiba. Televisheni ilikwishawashwa. Mkeka wa akina mama umesukumwa pembeni na viti vimepangwa pande mbili, njia katikati. Hénock, kijana wa Barça ambaye saa chache tu nyuma alibeba jeneza, alikuwa anasogeza waya.

"Kaka Jacques, leo tunazika wawili," alisema Hénock. "Mzee, halafu Real."

"Eish, wewe! Kombe la wiki iliyopita bado hamjamaliza kulilia," Jacques akajibu, na upande wake wakapiga makofi.

Léocadie akapita katikati ya viti, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Mama," Hénock akaanza kwa upole, "mzee mwenyewe angependa..."

"Usinisemee mume wangu! Kwa sababu ulimi wake uko kaburini na hawezi kujitetea? Nimelala naye miaka thelathini. Alipenda mpira, ndiyo, na mpira umemla rafiki yake akiwa hai. Sasa mnataka uje ule hata kilio chake? Jacques! Ulilinda mlango wangu watu wakitafutwa na mapanga. Kifua kimemkaba Aloys miezi miwili, unapita na gari yako ya abiria mbele ya hospitali, hushuki. Kwa sababu ya vidole! Hao wa Spain wanakujua? Wanajua Aloys amekufa?"

Jacques aliinamisha kichwa. "Shemeji, alinidharau."

"Alikudharau, na nilimwambia hivyo hivyo kitandani kwake. Hata yeye nimemkasirikia, Mungu anisamehe, nimemwaga udongo juu yake nikiwa nimekasirika."

Nje, mtu alikwishaanza kuuliza nani ana gari la kuwapeleka kuangalia mpira kwingine. Brigitte alisimama mlangoni na jagi lake tupu.

Léocadie aliketi sakafuni, akavuta mkeka mpaka katikati, pale palipoachwa njia. Sauti ilikuwa imemwishia.

"Anayetaka mpira aende, sitamlaani. Naomba watu wawili tu wabaki kulala kilio na mimi. Mmoja atoke huku, mmoja atoke kule, na wakae benchi moja."