Mtu wa Kumi Yuko Kwenye Lifti

Enzi zetu Dubai, sisi tuliokulia Al Mankhool miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, dini ya jirani uliijua kwa kuangalia siku anayopumzika. Sisi tulipumzika Jumamosi. Wakenya wenzetu wa jengo letu walitutazama kwa wiki mbili, wakakubaliana kwamba sisi ni Wasabato, wakaendelea na maisha yao. Baba hakuwaambia ndiyo wala hapana. "Hatusemi uongo," alituambia mimi na kaka yangu Danieli, "lakini pia hatujaajiriwa kusahihisha watu."

Sisi ni Wayahudi. Babu na nyanya walikuwa wakulima wa viazi Nyandarua, katika familia chache zilizoshika dini hiyo kabla sijazaliwa. Baba alikuja Dubai kusimamia mafundi wa viyoyozi, nasi tukamfuata.

Sinagogi lenye kibao halikuwepo. Tulisali nyumbani kwa Bwana Leon, mwalimu wa hesabu kutoka Johannesburg, ghorofa ya ishirini na mbili, Dubai Marina. Kwa kuwa Sabato hatupandi gari, Ijumaa alasiri tulipanda metro na mablanketi yetu kama watu wanaohama, tukalala sebuleni kwake hadi Jumamosi jioni. Swichi ya taa ya choo ilifunikwa kwa plasta ili mtu asije akaizima kwa mazoea. Sufuria la maharagwe, nyama na viazi lilitokota polepole tangu Ijumaa, na kila mama aliliita kwa jina la kwao. Mama yangu aliliita githeri iliyopotea njia, na hakuacha sahani hata moja ikiwa na kitu. Watoto tulicheza bano, gololi za kioo, kwenye zulia hadi magoti yakawaka. Vijana wa siku hizi wakikaa dakika ishirini bila simu huulizwa kama wanaumwa.

Nakumbuka Jumamosi moja hasa. Nyanya alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki. Alizikwa bila Baba, kwa sababu arbab, yaani mwajiri wake, alikuwa safarini na pasi ya kusafiria ya Baba ilikuwa imefungiwa kabatini mwake. Kilichombakia ni kumsomea Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu, siku hiyo. Lakini Kadishi haisomwi bila wanaume kumi waliotimiza miaka kumi na mitatu.

Nasi watu hatuwahesabu kwa namba. Tuna aya yenye maneno kumi, kila mwanamume anapewa neno moja. Bwana Leon alizunguka chumba akigawa maneno, akafika la tisa, watu wakaisha. Danieli, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na nusu, akajinyoosha. "Bado miezi sita, kaka," Bwana Leon akamwambia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na ni msichana, kwa hiyo hata sikujinyoosha.

Aliyekosekana ni daktari wa meno kutoka Buenos Aires, aliyekaa jengo la jirani na hakuwahi kuchelewa. Kumpigia simu haikuwezekana, ni Sabato. Saa tano ikapita. Baba alisimama dirishani na kitabu chake, kidole kikiwa kwenye ukurasa ule. Mama akaninong'oneza, "Shuka ukaone." Nikashuka ngazi za ghorofa ishirini na mbili.

Chini nilimkuta Bakari, askari wa mlangoni, mtu wa Likoni.

"Mzee wenu yumo kwenye lifti tangu saa nne," akasema. "Yuwapanda na watu, yuwashuka na watu. Nikadhani ni mazoezi."

"Hakukwambia kitu?"

"Kaniambia ghorofa ya ishirini na mbili ni pazuri sana. Nikamwambia, yes sir, very nice."

Nikaelewa yote. Sabato hatubonyezi lifti, na hatumwombi mtu atubonyezee. Tunaruhusiwa kudokeza tu. Daktari alikuwa na goti bovu, ngazi hakuziweza; Jumamosi nyingine alipata jirani anayepanda hadi juu, leo hakupata, na alikuwa amedokeza kwa saa nzima.

"Kule juu wanamngoja mtu mmoja," nikadokeza nami.

"Basi si apande?"

"Hawezi kubonyeza."

"Ana mkono mbovu?"

"Hapana. Ni Jumamosi."

Bakari akanitazama. "Wasabato gani nyinyi msiobonyeza? Madam wa ghorofa ya tisa ni Msabato, na abonyeza kama kawaida."

Lifti ikafunguka. Daktari alikuwa ameegemea kioo, uso umelowa jasho. Nikamfikiria Baba na kile kidole.

"Sisi si Wasabato," nikasema. "Ni Wayahudi. Baba anataka kumsomea mamake aliyekufa, na huyu ndiye mtu wa kumi."

Sikuwahi kulitamka neno hilo Dubai nje ya nyumba zetu. Bakari aliuzuia mlango wa lifti kwa mguu.

"Mamake," akasema. "Ungeanza na hilo, mwanangu. Yalla, twende." Akaingia, akabonyeza ishirini na mbili, akasimama wima kama anayemsindikiza waziri.

Baba alisoma. Katikati sauti ilimkatika, akaanza upya, na watu tisa wakamngoja. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi saa nne Bakari aliamua mwenyewe kwamba ana kazi ghorofa ya ishirini na mbili. Hatukuwahi kumwomba, naye hakumwambia mtu.

Siku hizi tunasali mahali panapojulikana, ghorofa ya tatu. Wanaume kumi hupatikana kabla chai haijapoa, na lifti ya Sabato husimama yenyewe kila ghorofa. Nilimuuliza binti wa Danieli angemwambia nani kama ingekwama. "Haikwami, shangazi," akanijibu, kwa huruma.

Lakini Baba, kila Jumamosi, hupitia kwanza kwenye meza ya askari. Humwambia kwamba ghorofa ya tatu ni pazuri sana. "Very nice, sir," askari hujibu. Baba husubiri kidogo. Kisha mlango wa lifti hufunguka wenyewe, naye huingia.