Kabari Mdomoni Mwangu

Hamjambo ndugu zangu, afya zenu? Mimi nina hasira, na nusu ya mdomo ina ganzi.

Leo nimekuja Korogwe kuziba jino. Daktari ameshalichimba, akamwambia nesi, "Lete kabari."

Kabari! Kwetu Kang'ata kabari ni ya kupasulia magogo!

Nikaruka kitini. "Ya Rabi, mnanipasua taya?"

Wakacheka! Kumbe ni kijiti kama cha kuchokolea meno. Kinabanwa katikati ya meno mawili, dawa ya kuzibia isiyagandishe pamoja.

Nikamwambia daktari, "Mwanangu, ungesema mapema ungepungukiwa nini?"

"Mama, hata gogo halikimbii hivyo!"

Nikatoka. Niko nje hapa, jino wazi.

Mliowahi kuwekewa, kinauma? Nijibuni upesi, ganzi inaisha.