Siku Tulipoitikia Baraka za Mgeni

Pumba za ngano zikilowa mvua hutoa harufu tamu yenye uchachu kidogo, na mimi nikiinusa nje ya mashine ya kusaga hapa Mbulu mjini, husahau kilichonileta. Wenye haraka zao hunipita kwenye foleni, nami nawaacha wapite. Muda huo niko Hanang, mtoto wa darasa la tatu, nakimbia nyuma ya ng'ombe wa baba, na mama yangu yu hai.

Wazazi wangu walitoka Nambis, ambako mashamba yamebanana, wakateremka Hanang kutafuta nafasi. Tulijenga jirani na shamba kubwa la ngano la serikali. Kati yetu na ngano lilibaki bonde moja lenye chemchemi. Ng'ombe wetu walinywa pale, na kiangazi Wabarbaig walileta wa kwao, tukacheza na watoto wao mpaka tunaitwa nyumbani kwa ukali. Nalitamani lile bonde mpaka leo, hata majani yake yaliyotukata miguu.

Siku moja alikuja mgeni kutoka shamba lile kutushawishi tulitoe bonde lilimwe ngano. Mkutano ulifanyika palepale, kando ya maji. Jamani, yule bwana alijua kuongea! Aliwapa wazee shikamoo mmoja mmoja, akamsifu hata beberu wetu aliyevunjika pembe. Alisema anayeikataa ngano anataka watoto hawa walale njaa, na akatuahidi mkate kila asubuhi. Mimi mkate niliujua kwa Krismasi tu. Kabla hajamaliza kusema, nilikuwa nimeshamkubalia kila kitu.

Sasa, kwetu Wairaqw mkutano hufungwa kwa baraka. Mzee hutamka, na wote huitikia kwa pamoja. Hakuna anayenyamaza, maana kunyamaza katikati ya baraka ni kumtakia jirani mabaya. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Bura, mkubwa wa kijiji chetu, lakini siku hiyo mgeni aliomba aifanye yeye. Mzee Bura, kwa adabu, akamwachia.

"Mvua inyeshe!"

"Inyeshe!"

"Ng'ombe wazae!"

"Wazae!"

"Watoto wakue!"

"Wakue!"

"Bonde litoe ngano!"

"Litoe!"

Tuliitikia kwa nguvu, mimi nikirukaruka kama ndama. Mgeni akafuta jasho, akatabasamu. "Asanteni sana, ndugu zangu. Mmekubali kwa vinywa vyenu wenyewe. Trekta zitakuja wiki ijayo."

Watu wakatazamana. Kurudisha nyuma baraka ni jambo zito, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Baba aliinamia fimbo yake, akaanza kuchimbachimba chini.

Ndipo mama akasimama, mdogo wangu akiwa mgongoni. Mama hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata kwenye kwaya alijificha mstari wa nyuma.

"Samahani, mgeni wetu," alisema. "Baraka tumeitikia, Mungu azipokee. Lakini hili bonde umelichanganya na mvua na watoto. Litoe humo. Tuulize hilo peke yake."

"Mama, unapinga baraka? Hutaki watoto washibe?"

"Nataka washibe. Na ng'ombe nao wanywe. Wewe tuulize peke yake tu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliuona mkate wangu ukiondoka hivihivi. Lakini Mzee Bura akasema taratibu, "Uliza, bwana. Kuuliza si ugomvi."

Basi mgeni akauliza: "Mnalitoa bonde lenu lilimwe ngano?"

Lilikuwa swali fupi mno. Yale mambo mazuri hayakuwepo tena, ni bonde tu, na maji tuliyoyasikia yakitiririka. Hata mimi, mwenye uchu wa mkate, nilimtazama ng'ombe wetu akinywa, nikakosa la kuitikia. Hakuna aliyeitikia. Mgeni akakunja karatasi zake, akaaga kwa heshima, akaondoka.

Bonde lilibaki letu miaka yote tuliyoishi kule. Mkate wa kila asubuhi sikuuona, na nilimnunia mama kwa muda mrefu. Nilipokua, kununa kukageuka sifa. Nilijigamba kwa rafiki zangu kwamba mama yangu hadanganyiki, kwamba maneno matamu hayakupata pa kuingilia kwake. Leo simu yangu ikiniletea sauti za watu wanaochanganya Mungu, watoto na haja zao wenyewe, namkumbuka, natenganisha kimoja kimoja, na moyo unaniuma kwa kumkosa.

Miezi yake ya mwisho nilikuwa namkanda miguu jioni. Siku moja nikamuuliza aliwezaje kumgundua yule bwana wakati kijiji kizima kilishachukuliwa na maneno yake. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nani alimgundua? Paulina, mimi nilikuwa nalia. Alivyowataja watoto, machozi yalinitoka. Na aliposema bonde litoe ngano, niliitikia kuwapita wote. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, nikaogopa. Ndiyo maana nikasimama."

Miaka yote hiyo nilidhani mama alisimama kumzuia mgeni.