Karani Asiyekaa

Tangu kampuni za watu binafsi zianze kununua pamba Bariadi, karani yule wa mizani hakuwahi kukalia benchi la Minza, muuza dawa baridi. Alisimamia mara mguu huu, mara ule, salamu akizikatisha, akiomba dawa ya mgongo huku kiganja kikishuka chini kabisa, pale asipopenda kupataja. Mgongo gani huo? Minza alijiuliza. Vidonge, mizizi ya Lalago, sindano za Mwanza, vyote vilikuwa vimeshindwa. Asubuhi moja karani aliikodolea macho ngata, kitambaa kilichoviringwa kama pete, ambayo Minza alibebea ndoo ya maji kichwani. Akaiweka benchini, mwanamume mzima, akajishusha polepole juu ya lile tundu. Akatulia.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kwa Kisukuma, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.