Neno Ambalo Hatukumwambia Joviale

Binti yangu Joviale anauza vikwembe, vile vitambaa vya kujifunga, katika soko la Kadutu. Tangu utoto alikuwa mnene, na mimi nilifurahi, kwa sababu mtoto niliyemzaa kabla yake alikufa kwa utapiamlo wakati wa vita. Alipoolewa na Gentil, mashangazi walimsifu kwamba anaingia kwa watu na mwili wa kutosha. Hakuna aliyefikiri kwamba mwili ule ungekuja kumzuilia kitu.

Kitu chenyewe ni mtoto. Miaka ilipita bila mimba, na damu ya mwezi ikawa inamtoka hata anashindwa kusimama sokoni. Hospitalini walimpiga ekografia, wakakuta uvimbe katika tumbo la uzazi. Daktari akasema atautoa, ila si wakati huo. Mwili ni mzito, tansio, yaani presha ya damu, iko juu, na dawa ya usingizi inaweza kumletea hatari. Apunguze kwanza, arudi baada ya Pasaka.

Joviale alianza siku ile ile. Aliacha sukre, zile soda za chupa, na mikate ya mafuta aliyozoea kula asubuhi kwenye meza yake. Bugali akala kidogo, mboga za lengalenga nyingi. Akaacha pikipiki, akawa anapanda mlima kwa miguu kutoka soko hadi Cimpunda, tunakokaa pamoja. Mimi nilikaa mlangoni nikimtazama akija. Mwanzoni alisimama kila kona akijifanya anasalimia watu, kumbe anatafuta pumzi. Baadaye akawa anasimama kwa jirani yetu Virginie tu. Kisha siku moja alifika kwangu moja kwa moja, akiimba wimbo wa kwaya, na pumzi yake ilikuwa nzima. Nilimshukuru Bikira Maria moyoni. Mdomoni sikutoa kitu.

Kwetu mtu hamwambii mwanamke kwamba amekonda. Hilo ni neno la mgonjwa, au la mke anayeteswa. Na kwa Joviale lilikuwa baya zaidi, maana Gentil yuko Kamituga, anauza vipuri vya pikipiki, na anarudi mara chache. Ukisema mke wake amekonda, umesema bwana hamlishi, au amepata mwingine kule kwenye machimbo ya dhahabu. Basi waliomwona walitazama pembeni. Hata Virginie, ambaye mdomo wake haulali, alininong'oneza mimi peke yangu kwenye bomba la maji, akiuliza mtoto wangu amepatwa na nini. Nilipomweleza habari za daktari, aliniahidi kwamba hatamwaibisha. Na kweli hakumwaibisha.

Mama mkwe wake alikuja kutoka Katana na kapu la ndizi na chupa ya mawese. Alimtazama shingo kwa muda mrefu, kisha akamwambia kwa upole: “Uko muzima tu, binti yangu. Mwili iko vile vile.”

Alisema hivyo kwa adabu. Joviale aliyapokea maneno hayo kama hukumu.

Kwa maana kila Jumamosi alikuwa akijipima kwa Emile, kijana anayeweka mizani yake kando ya barabara, mbele ya duka la dawa. Mwanzoni kilo zilishuka, kisha zikagoma. Wiki moja hata zilipanda. Emile akamtania: “Maman, hii balance yangu haikulake rushwa.” Watu walicheka, naye akacheka. Nyumbani aliniambia habari hiyo akiwa amenipa mgongo, anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Nguo zake nazo hazikumwambia kitu. Anayevaa kikwembe hufunga tu. Kiuno kikipungua, anakaza fundo, asubuhi inaendelea. Na kioo chetu ni kidogo, kinatosha uso tu.

Akaacha. Sikuambiwa, niliona mwenyewe. Chupa za sukre zilirudi chini ya meza, pikipiki ikawa inamshusha mlangoni. Siku ya daktari alivaa vizuri akatoka, na jioni akaniambia wamemwambia angoje. Niliamini, maana kungoja hospitalini ni jambo la kawaida.

Karibu na Pentekoste damu ilimwangusha sokoni. Hospitalini muuguzi alimuuliza kwa nini hakuja siku yake. Akatueleza kwamba mizani peke yake haisemi yote, kwamba inapima maji, inapima nguo, inapima hata uvimbe wenyewe. Daktari alitaka kuona pumzi na tansio, na pengine siku ile pumzi ilikuwa inatosha na tansio imeshuka. Sasa daktari yule ameenda Kinshasa kusoma, na anayeshika nafasi yake anasema tansio imepanda tena. Ameze vidonge vya kuongeza damu, aanze upya.

Tulipobaki wawili, Joviale alisema akitazama dari:

“Nilikosa kwenda kwa daktari, juu niliogopa watanigombeza. Balance ilikuwa inasema niko vile vile. Mama ya Gentil pia. Na wewe, maman, ulikuwa unaniona kila siku.”

Nikamwambia: “Ulikuwa umekonda, Joviale. Wote tulikuwa tunaona. Ulikuwa unapanda mulima unaimba.”

Alinigeuzia macho, akanichunguza.

“Ni juu ya hii ugonjwa ndio unasema vile. Uko unanituliza tu.”

Nilitaka kuapa, lakini nilijisikia kama mtu anayeleta maji baada ya nyumba kuungua. Kama ningelisema pale mlangoni, alipofika akiimba, angenitazama kwa hasira kwanza, halafu angeenda kujishika kiuno aone kama ni kweli. Namjua.

Sasa ameanza tena, polepole. Damu bado inamsumbua, na kuna siku hawezi kupanda. Jana alipanda hadi kwa Virginie bila kusimama, nami nikashuka kumlaki, nikamwambia mbele ya watu kwamba amekonda. Virginie alishtuka, akainamisha kichwa. Joviale aliniitikia, “Aksanti, maman,” kwa sauti ile tunayowaitikia watu wanaokuja kutupa pole.