Bembea za Mama Fred

Katiba ya taasisi yetu niliichapa mimi, Esnath, kwenye steshenari yangu pale Ipogolo, na niliichapa mara nne kwa sababu Mama Fred alikuwa haishi kubadilisha. Severina ndilo jina lake la ubatizo. Ni mzaliwa wa Igawa aliyeolewa huku, akawauzia madereva wa malori chai na vitumbua miaka na miaka hadi magoti yakagoma. Siku aliyokuja kuniambia anataka kuanzisha taasisi ya kutunza bustani ya mtaa, nilidhani ananitania. Bustani yenyewe ilikuwa nyasi, mabenchi mawili na mbuzi wa watu.

Lakini yule mama akishashika jambo halegezi. Alizunguka na daftari akapata wanachama, akapanda ngazi za ofisi moja baada ya nyingine mpaka mihuri ikapatikana. Mdhamini wa kwanza aliyemtaka alikuwa mzee Liberatus, ambaye ameifagia bustani ile kwa hiari yake tangu ilipoanzishwa mwaka tisini na nne. Hana mshahara, hana hata shukrani. Sisi tulimwona kama mtakatifu aliyesahaulika duniani.

Kabla ya bustani palikuwa makaburi. Familia zilitangaziwa zihamishe marehemu wao kwenda makaburi mapya, mkandarasi mmoja akaleta vibarua wa kufukua, na Mama Fred akamhamisha bintiye Yudith, aliyekufa kwa surua akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kila tarehe mbili Novemba, padri akienda kubariki makaburi humkuta ameshapalilia la Yudith na kuwasha mshumaa. Hilo nililijua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba Liberatus alikuwa mmoja wa vibarua wale.

Kikao cha kwanza, Mama Fred alipendekeza tuchimbe choo upande wa lango. Liberatus akakubali. Cha pili akataka choo kihamie upande wa mto. Liberatus akakubali. Cha tatu akaja na kisima katikati, mzee akakubali vilevile. Mimi katibu nilikuwa nimeshanuna waziwazi, maana kila muhtasari niliouandika ulifutwa na uliofuata.

Kikao cha nne kilikuwa Julai ya mwaka jana, asubuhi ya baridi kali, tumekaa kwenye benchi palepale bustanini. Mama Fred akasema, "Tuweke bembea za watoto pale kwenye mjakaranda. Mashimo ya nguzo yachimbwe Jumamosi."

"Pale hapana," Liberatus akasema.

"Kwa nini, baba?"

"Mizizi."

"Tutaikata."

Mzee akavua kofia. Nikaweka kalamu chini. Niliogopa, sifichi, kwa sababu nilikumbuka kwamba hata akifagia huwa hafiki pale. Huzungukia mbali, kofia mkononi. Siku zote nilidhani ni uzee.

"Siku ile mvua ilinyesha," akasema, hamtazami mtu. "Nilichimba, sikumwona mtoto wako. Shimo limejaa maji, mkandarasi anafoka, na nyie mmeshafika na lori. Nikajaza udongo kwenye sanduku nikapiga misumari. Keshokutwa yake tunapanda miti, jembe langu likagusa kitenge alichozikwa nacho. Nikafukia. Nikapanda mti ule juu yake. Mpaka leo mvua ikipiga bati, nasikia nyundo."

Nilingoja Mama Fred apige yowe. Hakupiga.

"Sanduku lile nililipakata mwenyewe kwenye lori," akasema. "Lilikuwa linamwaga udongo wa juu, wenye majani. Nikajua mwanangu hayumo. Nikakuangalia, ukakwepa macho. Nikasema, huyu nikimuuliza atakataa, na akishakataa mara moja atashikilia hapohapo mpaka afe. Lakini nilijua yumo humuhumu, maana wewe ulikuwa huondoki. Sikujua tu ni wapi."

Ndipo nikaelewa. Choo, kisima, wanachama, mihuri yote ile, katiba niliyoichapa mara nne: vyote vilikuwa vya kumfanya mzee mmoja aseme hapana.

Mama Fred alijikongoja hadi kwenye mjakaranda. "Kichwa kiko wapi?" Liberatus akaonyesha upande wa mlimani. Mama akavua khanga yake ya mabegani, akaitandika pale, akapiga magoti yale mabovu.

"Nimekukanyaga sana, mama," akamwambia mtoto. "Nilikuwa nakutafuta."

Malori yalikuwa yanapita barabarani kama siku nyingine. Liberatus alisimama mbali kidogo, kofia kifuani, akauliza kwa sauti ya chini kama amesamehewa. Mama Fred hakugeuka.

"Endelea kufagia," akasema. "Ila sasa ufike mpaka hapa."

Tangu kesho yake mzee anafagia chini ya mjakaranda, kichwa wazi, polepole. Mama Fred hukaa kwenye benchi akihesabu kila mpigo wa ufagio, na hajachelewa hata siku moja.